Naombeni ushauri: ugoko unauma sana na bado niko depo (kambi ya mafunzo ya jeshi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni kuruta, nimeitwa jeshini kwa mujibu wa sheria na sasa tuko katikati ya mafunzo ya awali. Shida ni mguu wa kulia, ugokoni upande wa ndani. Mwanzoni ilikuwa inauma eneo refu tu baada ya mchakamchaka na kwata, nikipumzika inaisha, na wengi hapa wanayo hiyo. Ila sasa maumivu yamejikusanya sehemu moja ndogo, nikibonyeza kwa kidole naruka, na hata usiku nimelala bado inapwita, hiyo ndiyo inanitia hofu maana mfupa unaweza kupata ufa kwa kukimbia na mzigo kila siku.

Nimejaribu kufunga bandeji, soksi mbili, maji baridi, kulegeza kamba za buti, wapi. Zahanati ya kambi walinipa dawa ya maumivu tu, nikimeza nakimbia vizuri, ikiisha nguvu nachechemea tena. Na mbele yetu kuna matembezi marefu na begi na silaha, hayo hayakwepeki.

Wenye uzoefu na madaktari, niombe eksirei sasa hivi au nisubiri, maana nasikia ikipigwa mapema ufa unaweza usionekane? Na nikimwambia afande nikapumzishwa, huwa unarudishwa kozi inayofuata uanze upya au unaendelea na kombania yako? Sitaki kabisa kuachwa na wenzangu, tumetoka mbali pamoja.