Ushauri: seli tangulizi za neva zimepunguza kugawanyika na zinanata kwenye chombo

Mleta uzi:
Ndugu wanajukwaa, ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu seli tangulizi za neva (seli changa zinazogawanyika na kuzaa seli za ubongo) zilizotolewa kwenye gamba la ubongo wa viinitete vya panya. Ninazikuza katika kioevu kisicho na seramu (majimaji ya damu bila seli zake), chenye EGF na FGF2, protini zinazochochea seli kugawanyika, nanogramu 20 za kila kimoja kwa mililita, na nusu ya kioevu hubadilishwa kila baada ya siku nne. Mwanzoni zilielea kwa vishada vya mviringo, lakini tangu nilipozihamisha mara ya tatu zinagawanyika polepole, na baadhi zinanata na kutoa mikono mirefu. Je, niongeze FGF2 mara mbili?

Kinyonga:
Mkuu, tatizo si kipimo, ni ratiba. FGF2 haistahimili nyuzi 37. Ndani ya siku moja tu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, kwa hiyo seli zako zinakula siku ya kwanza na kufunga tatu zinazofuata. Seli ya namna hii ikikosa ishara hiyo haikai ikisubiri, bali hutoka kwenye mzunguko wa kugawanyika na kuanza kukomaa, na ndiyo mikono unayoiona. Tia FGF2 mpya kila siku au kila baada ya siku mbili pamoja na heparini, ambayo huilinda na kuisaidia kushikana na kipokezi chake. Usitegemee EGF izibe pengo: ni kweli Reynolds na Weiss mwaka 1992 walitumia EGF peke yake, lakini kwa ubongo wa panya aliyekomaa, ilhali seli za kiinitete kichanga huitikia FGF2 kwanza.

Bibi Darubini:
Naafiki, ila kuna swali hujaulizwa, mwanangu. Unazitenganisha kwa tripsini, kile kimeng'enya kinachokata protini? Unaizima kwa kutumia kitu gani?

Mleta uzi:
Shikamoo. Kwa seramu, kisha ninazungusha kwenye sentrifuji mara moja.

Bibi Darubini:
Marahaba. Seramu hubeba protini za BMP, ambazo huzisukuma seli hizi kuwa astrosaiti, yaani seli saidizi za ubongo, si nyuroni. Hata ndani ya ubongo, seli za ependima, zinazotandaza kuta za vyumba vya ubongo, hutoa protini ya Noggin ili kuzizuia BMP zisizime uzalishaji wa nyuroni. Tumia kizuizi cha tripsini kisicho na seramu, kisha zipake rangi ya kuonyesha Nestin (protini ya seli tangulizi) na GFAP (protini ya astrosaiti). GFAP ikitawala kwenye zilizonata, shuku seramu kwanza.

Mleta uzi:
Nibadilishe vyote kwa pamoja?

Kinyonga:
Hapana. Gawa seli za uhamisho mmoja katika vyombo vinne: utaratibu wako wa sasa, FGF2 ya kila siku peke yake, kizuizi kipya peke yake, na vyote viwili.