Kunde za kienyeji mbona hazikauki?

Mama wa Gede: Jamani masika imekata mapema, mahindi yashakauka lakini kunde za bibi zile za kutambaa bado kijani, siri nini?

Mkulima Marafa: Dada, mzizi mkuu wa kunde unafuata unyevu chini kabisa, halafu jua likizidi inafunga vitundu vya majani isipoteze maji, na majani yenyewe yanajigeuza jua lisiyapige usoni, yani ukienda saa saba mchana utayaona yamesimama wima. Kutambaa nako kunafunika udongo.

Babu Magarini: Mbaazi pia, mzizi wake unapita mita 1, ila ya kienyeji inachelewa, miezi 6 au zaidi. Mama, hizo mbegu za kunde za bibi usiziuze zote! Changanya na jivu, fukusi wasizitoboe.