Ushauri: nataka nyumba ya mbao Tabora, mke wangu anasema ni banda

Mwana Isevya: Habari zenu wakuu. Nina kiwanja Ipuli. Msingi na nguzo za chini ni zege, ghorofa ya juu nataka mbao tupu. Norway wana jengo la mbao, Mjøstårnet, ghorofa 18, mita 85.4, tangu 2019. Sisi tuliozungukwa na miombo tunaikata tukachomee matofali! Mke wangu anasema najenga banda. Mimi hofu yangu mchwa na moto. Naombeni ushauri, silali.

Bi Kasulu: Mwanangu, anza na mkeo. Marehemu mume wangu alibadili ramani bila kuniambia, jiko likaangalia upepo wa ziwa. Miaka yote nilipikia moshi.

Fundi Randa: Ubao mnene ukiungua, mkaa wa nje unakinga kiini. Wembamba ndio hatari. Hao wa Norway wanagundisha mbao tabaka kwa tabaka mpaka inakuwa boriti nene, si hizi za 2x4. Mchwa: inua msingi, paina ipigwe dawa. Wewe unatumia mbao gani?

Mwana Isevya: Mninga.

Fundi Randa: Mninga mchwa hauupendi. Umeshanunua?

Mwana Isevya: Mbao 140 zipo uani.

Mrina Asali: Zilifika saa ngapi?

Mwana Isevya: Saa nane usiku, kutoka Sikonge. Lakini muuzaji namfahamu, na mti ulishakatwa, nisingenunua mimi angenunua mwingine.

Mrina Asali: Mbao za msituni zikisafirishwa usiku wa manane zinatia shaka. Nimewahi kukuta mninga wangu umelazwa, mizinga minne imepasuka chini, nyuki wanazunguka kisiki. Mbao nazipenda, ila za namna hiyo hapana.

Kapeto: Chai hii. Mwezi jana huyu huyu alikuwa Kigoma anauliza bei ya dagaa. Weka picha.

Mwana Isevya: Dagaa ni biashara ya mke wangu, nilimfuatia mzigo. Si chai.

Bi Kasulu: Na hela ya mbao?

Mwana Isevya: Ya dagaa. Nitairudisha kabla hajajua.

Bi Kasulu: Mwambie leo, baba. Leo.

Fundi Randa: Angalia ncha za mbao kama zina alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Hati ya kusafirishia unayo?

Mwana Isevya: Hati sina. Nimetoka uani na tochi. Zenye alama ni 11. Mke wangu ameamka, amesimama mlangoni.