Kambakoche wa Maine wanaisha au?

Kijana_wa_Portland
Wakuu habari zenu. Mi niko Portland, jimbo la Maine huku Marekani, napiga kazi kiwanda cha kuchambua kambakoche, huu mwaka wa sita. Nilipoanza makreti yanaingia mpaka usiku, siku hizi saa nane mchana tunaambiwa nendeni nyumbani, masaa yanakatwa hivyohivyo. Wavuvi wenyewe wanabishana. Hivi kweli wanaisha au miaka ile ndo walizidi?

Mzee_wa_Dema
Yote mawili mdogo wangu. Miaka ya 70 Maine nzima ilikuwa inatoa kambakoche kama pauni milioni 20 za uzito kwa mwaka na watu walikula wakalala. Ikaanza kupanda miaka ya 90, 2016 ikagonga milioni 132, 2024 wamepata kama 86. Sasa hiyo ni kushuka kweli, ila bado ni mara nne ya enzi za babu zao. We umefika wakati wa mavuno.

binti_Kiunga
Walipandaje lakini? Huku Lamu tunazamia na kila msimu tunaenda mbali zaidi.

Mzee_wa_Dema
Kodi (samaki jamani, sio ile ya serikali 😂) alivuliwa mpaka akawa adimu, na ndo alikuwa anakula vitoto vya kambakoche. Maji nayo yakapata ujotojoto wa kuwafaa. Halafu sheria, jike akitoka kwenye dema na mayai yamegandana chini ya mkia kama uwele, anakatwa alama ya V mkiani anarudishwa, na atakayemvua kesho hata kama mayai hana haruhusiwi kumchukua.

Juma_CT
Ila joto hilohilo likizidi linaua. Mi niko Connecticut, jimbo lililo kusini ya Maine, hapa kwenye mkono wa bahari wa Long Island Sound 1999 walikufa kwa wingi, joto na vimelea, mpaka leo hawajarudi. Wanaopatikana huku kusini wengine gamba limetobokatoboka kama limemwagiwa asidi. Na bahari ya Maine ni kati ya zinazopata joto haraka sana duniani, nyie ombeni tu.

Kijana_wa_Portland
Sasa mbona yule mzee anayetuletea mzigo kanunua pikapu mpya juzi??

Mzee_wa_Dema
Bei kaka. 2012 joto liliwahi, wakatoka wengi kwa mpigo, pauni ikaenda chini ya dola 3. 2024 imepita 6. Yeye anavua kidogo anauza ghali, japo chambo na dizeli vinamla pia, lakini nyie mnalipwa kwa masaa na masaa yanafuata pauni sio dola. Kikipungua cha kuchambua mmeumia nyie kwanza.

Kijana_wa_Portland
Daah. Kuna jirani yangu Mkongo yuko hospitali upande wa usafi, jioni nampitia nimuulize kama wanachukua watu.