Visiwa Elfu vya mto St. Lawrence: tupandie boti Gananoque, Rockport au Kingston?

MamaNaila: Habari za humu ndugu zangu. Tunatoka Toronto, tunataka kuzunguka Visiwa Elfu, pale mpakani mwa Canada na Marekani, kwa boti. Naona zinaondokea Gananoque, Rockport na Kingston, bei na muda vinapishana sana. Nikate tiketi wapi? Lile kasri sitaki litupite. Nataka nilipie leo jioni.

Kaka_Ilala: Dada, mko wangapi? Mwezi gani? Kuna wazee? Na kubwa kuliko yote, mna karatasi gani? Kasri la Boldt liko kisiwa cha Heart, na kile kisiwa ni Marekani. Ukishuka unakutana na uhamiaji wao. Ukaazi wa kudumu wa Canada pamoja na pasi ya Tanzania, bila viza ya Marekani, hushuki. Usilipe kwanza.

Wa_Ottawa: Rockport, wala msijadili. Kingston iko pale ziwa Ontario linapomwagikia mtoni, mnakaa kwenye maji mengi kabla visiwa havijasongamana. Rockport mnang'oa nanga na visiwa vimewazunguka, na Heart iko karibu.

Nyakato: Gananoque ina boti kubwa zenye choo na sehemu ya kukaa ndani mvua ikija. Wenye wazazi mnanielewa.

Ila sikilizeni yaliyotupata. Mama alikuja kutoka Mwanza, tukamkatia tiketi ya kushuka kwenye kasri. Nilipokuwa nalipa mtandaoni sikuulizwa uraia wala viza ya mtu yeyote. Tumefika gatini, tumepanga foleni juani, kijana akafungua pasi ya mama: "Huyu hawezi kupanda." Nikaomba basi tuhamishiwe boti ya kuzunguka tu, wakasema imejaa mpaka kesho yake. Hela hazirudi. Wenzetu wakaondoka, mimi na mama tukabaki kwenye benchi mchana kutwa. Mama ananibembeleza mimi, "mwanangu, mto si nauona hapa." Iliniuma sana. Mtu kasafiri kutoka Mwanza! Kampuni inayouza safari ya kuvuka mpaka iandike jambo hilo juu kabisa kwa herufi kubwa.

MamaNaila: Pole sana Nyakato. Tuko saba, mwezi wa saba. Mama mkwe yumo, amekuja na viza ya matembezi ya Canada.

Kaka_Ilala: Ya Marekani anayo? Na nyinyi wengine?

Wa_Ottawa: Kama hana, chukueni ya kuzunguka bila kushuka. Kasri mtaliona vizuri tu kutoka botini. Na mama asimuliwe habari yake: Boldt alikuwa mwenye hoteli kubwa New York, alianza kumjengea mkewe Louise mwaka 1900. Mke akafariki 1904, ujenzi ukasimama palepale na mwenyewe hakurudi tena. Lilikaa gofu mpaka mamlaka ya daraja la Visiwa Elfu ilipolichukua 1977 na kuanza kulikarabati.

Juma_wa_Mafia: Msisahau kisiwa cha Zavikon, kale kadaraja kanakounganisha Canada na Marekani. Kafupi kuliko yote duniani.

Wa_Ottawa: Hapana kaka, hiyo ni hadithi ya manahodha. Visiwa vyote viwili viko Canada, mpaka unapita kusini yake. Mpaka ulipindishwapindishwa makusudi usikate kisiwa hata kimoja.

Juma_wa_Mafia: Mimi nimeona bendera mbili kwa macho yangu.

Wa_Ottawa: Bendera mtu hutundika popote. Fungua ramani.

Otis254: Kwa nini msikodishe boti yenu? Mko saba, mnasimama mnapotaka. Baadhi ya visiwa vya hifadhi ya taifa vina gati na meza za kulia chakula.

Juma_wa_Mafia: Nimezaliwa kwenye boti na hilo nalipinga. Mto ule una mkondo, na miamba imejificha chini ya maji. Tangu 1959 ni njia ya meli, zinapita za zaidi ya mita 200. Ile haikukwepi, wewe ndiye unayeikwepa. Mwenye kuendesha awe na kadi ya kuendesha boti au apewe maelekezo na mwenye boti, na kila mtu awe na jaketi la kuokolea linalomtosha, mama mkwe naye.

Otis254: Sawa mkuu, lakini uvuvi huwezi kuufanya kwenye boti ya watalii.

MamaNaila: Hapo kwenye uvuvi mume wangu ameamka. Kuna samaki gani?

Juma_wa_Mafia: Wapo bass na pike. Bass mkaange, nyama yake nyeupe na imeshikana. Pike ana miba mingi yenye ncha mbili kama uma, uitoe vizuri kabla ya kuwapa watoto.

Nyakato: Leseni jamani! Ontario mtu mzima havui bila leseni, na akivuka upande wa New York anatakiwa kuwa na ya kule.

Kaka_Ilala: MamaNaila, viza ya Marekani ya mama mkwe hujatujibu.

Otis254: Juma, huyo bass unampaka ndimu kwanza au chumvi tu?