Tupeane uzoefu: ugonjwa wa mlipuko ukifika kazini, mwajiri anabanwa na nini?

Mshika Rosta
Wakuu, kila mlipuko ukitangazwa maswali ni yale yale. Corona 2020, Marburg ya Kagera 2023, kipindupindu mvua zikizidi. Nani anamlipa aliyerudishwa nyumbani? Nani ananunua barakoa? Aliyefukuzwa aanzie wapi? Wenye kuyajua mambo haya mwageni. Mimi nazungumzia Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366. Wa nchi nyingine mseme mko wapi kabla hamjatuchanganya.

Mama ED
ED kwanza, yaani cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi, mengine baadaye. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kulipa. Watu wanaponzwa na kujiuguza nyumbani wiki mbili, kisha wanarudi na risiti ya duka la dawa. ED iwe na tarehe ya kuanza na kuisha, jina na saini ya daktari, muhuri wa kituo. Ipige picha kabla hujaikabidhi.

Bandari Salama
Mimi niko Mombasa. Huku Kenya ni siku 7 kamili na 7 nusu kwa mwaka, tena baada ya kufanya kazi miezi miwili mfululizo.

Kibarua Msomi
Mkuu, mwenye uzi kasema Tanzania. Kesho mtu atapeleka siku 7 zako kwa HR wa Mwanza.

Bandari Salama
Nimetaja mji na nchi. Asiyesoma mstari wa kwanza ana shida nyingine.

Mshika Rosta
Yaishe hayo. Ambaye haumwi ila kaambiwa akae nyumbani siku 14?

Mama ED
Huyo ED hapati, haumwi. Adai barua inayosema amri imetoka kwa nani, afisa afya au bosi. Mwajiri akimrudisha mtu aliye tayari kufanya kazi, asimwandike mtoro wala asimkatie likizo ya ugonjwa. Wengi hukimbilia likizo ya mwaka, zile siku 28, kwa sababu mwajiri ndiye anayepanga ichukuliwe lini. Hiyo inakubalika, ila ni likizo ya malipo.

Zamu ya Usiku
Hapo kwenye utoro niwape kisa cha kiwanda kimoja cha vifungashio, jina naliacha. Mwendesha mashine anafika getini saa mbili kasoro usiku, mlinzi anamwelekezea kipimajoto cha bastola, 38.6. Anamrudisha. Haandiki popote, maana kitabu cha geti kina safu ya jina, saa na namba ya gari tu. Kidole hakijagusa mashine ya mahudhurio, kwa hiyo kwenye mfumo jamaa hakuja. Siku zinakwenda. HR anahesabu, zimepita siku tano za kazi bila ruhusa, kosa kubwa hilo kwa mujibu wa kanuni za utendaji bora. Wito wa kikao cha nidhamu unabandikwa kwenye ubao wa matangazo ndani ya kiwanda, wakati mhusika yuko kitandani Mbagala. Kikao kinakaa bila yeye, barua inatoka.

Kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri: sababu iwe halali na utaratibu uwe umefuatwa. Mwamuzi akauliza mawili tu. Nani alimzuia getini? Wito ulimfikiaje, tena akiwa na saa 48 za kujiandaa? Mlinzi ni wa kampuni ya ulinzi, alishahamishiwa lindo lingine. Jamaa akafungua simu: "Bosi nimerudishwa getini joto 38.6", imetumwa kwa mkuu wa zamu usiku ule ule, tiki mbili za bluu.

Dogo wa Stoo
Tiki za bluu!! Mkuu wa zamu alipumulia wapi?

Kibarua Msomi
Mlinzi kahamishwa lindo kwa bahati tu eeh. Alilipwa?

Zamu ya Usiku
Alishinda. HR yule yule alikuwa amerusha jina lake kwenye grupu la WhatsApp la kiwanda, "fulani ana homa, msimkaribie".

Kibarua Msomi
Sioni kosa hapo, wenzake walipaswa kujua.

Mama ED
Wajue kuna mgonjwa kwenye zamu ile ili wapimwe. Jina na ugonjwa wake havirushwi. Tangu Mei 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ni nyeti. Anayeambiwa jina ni afisa afya wa halmashauri.

Mtu wa Usalama
Mnasahau vifaa. Sheria Na. 5 ya 2003 ya usalama na afya inamtwisha mwajiri kinga, bure. Kukata barakoa kwenye mshahara hakuna. Ndoo iwe ya koki ya kukanyaga, koki ya kushika inarudisha uchafu mkononi. Kitakasa mikono kiwe na alkoholi 60% kwenda juu. Klorini ya dukani ya 3.5%: kikombe 1 kwa maji vikombe 34 unapata 0.1% ya kufutia meza na vitasa. Changanya ya siku hiyo, ikilala inapungua nguvu, na usiiunganishe na dawa ya choo yenye asidi, hewa yake inaua. Watu hawapulizwi klorini.

Kipimajoto nacho kikitumika juani kinadanganya. Mpime mtu akishakaa kivulini.

Dogo wa Stoo
Na barua ya "likizo bila malipo mpaka hali itulie", unasaini?

Bandari Salama
Usisaini kabisa.

Katibu Tawi
Saini, ila andika "nimepokea, sijakubali" na tarehe.

Kibarua Msomi
Saini kwa penseli.

Katibu Tawi
Masharti ya mkataba hayabadilishwi na upande mmoja. Kupunguza watu nako kuna njia yake: notisi ya kusudio, taarifa za hali ya kampuni, kisha majadiliano na chama cha wafanyakazi juu ya sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua watu na malipo. Kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kikomo miaka 10. Wa 520,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki: gawa kwa 4.333, kisha kwa 6, ni kama 20,000 kwa siku. Miaka minne, 560,000. Notisi ya siku 28 na likizo iliyobaki ni mbali.

Muuguzi Pwani
Aliyeambukizwa wodini je?

Mtu wa Usalama
WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tunza rosta ya wodi na majibu ya maabara, ndiyo yanayofunga kazi na ugonjwa. Mchango ni wa mwajiri peke yake, ukiuona kwenye slipu yako ya mshahara hoji.

Dogo wa Stoo
Na CMA siku ngapi?

Katibu Tawi
Kwa kufukuzwa, 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine 60. Jaza Fomu Namba 1, mpe mwajiri nakala yake kwanza agonge muhuri wa kupokea, ndipo ukafungue. Akigoma, tuma kwa rejista posta ubaki na stakabadhi.