Rangi inapenya chini ya stensili, nakosea wapi?

mwanagenzi_7
Wakuu habari zenu. Nina kisanduku cha mbao nataka kumpa mtoto wa dada yangu, kwenye kifuniko nimepanga ndege wawili na jina lake. Stensili, yani kile kiolezo chenye matundu ya kupitishia rangi, nimekata mwenyewe kwenye karatasi ya manila, nikaibana na tepu, nikapaka rangi ya akriliki kwa brashi ya kawaida, kuja kuinua nakuta ndege kama kanyeshewa, kingo zote zimesambaa na chini ya bawa kuna doa kubwa limetokea sijui wapi. Mara ya pili nikaiongezea rangi maji nikidhani uzito ndo unasumbua, ikawa balaa zaidi. Alafu kingine, jina lina O mbili, nilivyokata tu vile vya katikati vikadondoka nikabaki na matundu matupu. Za watu naona zimenyooka kama zimepigwa chapa, wanafanyaje? Msinambie ninunue mashine ya kukatia, hiyo sinunui.

brashi_kavu
Pole sana, ila hapo kwenye maji ulijimaliza mwenyewe 😅 Rangi nyepesi haisubiri kusukumwa, ikikuta kauwazi kati ya stensili na mbao inajipeleka yenyewe. Inatakiwa nzito, na kidogo mno, yani kidogo kuliko unavyofikiria. Tafuta ile brashi fupi nene iliyokatwa bapa kichwani, chovya ncha tu, alafu isugue kwenye kitambaa kikavu mpaka ujiulize hivi nimechovya kweli? Hapo ndo imefaa. Ishike wima kama mchi, gongagonga kuanzia ukingoni kuja katikati, usipake kwenda na kurudi kama unapaka ukuta maana nywele za brashi zinaingia chini ya ukingo na rangi yake. Raundi ya kwanza ndege atakuwa kapauka, na hapa ndo wengi wanaharibu, wanaona haikolei wanachovya kwa hasira. Acha ikauke, ikiwa nyembamba hivyo haichukui muda, rudia mara mbili tatu. Kama brashi huna, kipande cha sponji kinafanya kazi ileile.

Bi Mkasi
Mwanagenzi mwanangu, hizo O zinataka madaraja. Unaacha vijivipande viwili, juu na chini, vinavyoshika kile cha katikati kisidondoke, ndo maana maandishi ya kwenye masanduku ya mizigo O inaonekana kama imepasuliwa. Kwenye plastiki milimita 3 zinatosha, kwenye karatasi acha pana kidogo la sivyo linachanika ukiwa unaosha. Ukishapaka na kuinua, kama yale mapengo hayakupendezi yajazie kwa brashi nyembamba, mimi huwa nayaacha.

Na manila achana nayo, inakunywa maji inajikunja, kingo zikishanyanyuka hata upake kwa uangalifu gani itapenya tu. Tumia jalada la faili la plastiki, au ile filamu ya eksirei ya zamani iliyolala kabatini, ngumu lakini inakatika vizuri mno. Bledi iwe mpya. Anza na matundu madogo, makubwa mwisho, kwasababu ukitangulia na makubwa plastiki inalegea na jicho la ndege hutaliweza. Kwenye kona ya mviringo usizungushe mkono, mkono utulie, zungusha plastiki.

(Sie wa zamani ukitutajia stensili tunakumbuka karatasi ya nta ya mashine ya kurudufu na vidole vyeusi wiki nzima.)

tausi
Naongezea moja nimeshangaa hawajaisema. Stensili ikishakaa, kabla ya rangi ya ndege pitisha kwanza ile rangi ya chini, yani kama kifuniko ni cheupe gonga nyeupe kwenye kingo zote, iache ikauke ndo uweke rangi yako. Kitakachopenya kitakuwa cheupe juu ya cheupe na kitaziba ule uwazi. Kama mbao umeiacha na rangi yake ya asili tumia vanishi ya maji isiyo na rangi.

kopo_tupu
Gundi ya kupuliza ndo jibu. Puliza nyuma ya stensili, bandika, maliza kazi

brashi_kavu
@kopo_tupu inasaidia ila aisubiri kwanza ipungue unyevu mpaka ibaki ya kunata tu, akibandika mbichi inamwachia ulimbo kwenye mbao. Mi nimewahi kuharibu meza nzima hivyo sitaki hata kuikumbuka.

msomaji_tu
Kuna pango huko Sulawesi, Indonesia, lina alama ya mkono iliyopatikana kwa kuweka kiganja ukutani na kupuliza rangi, ina zaidi ya miaka 39,000. Hawakuwa na gundi wala tepu na ukingo unaonekana mpaka leo

tausi
@msomaji_tu mkono hauna O katikati 😂

mwanagenzi_7
Nimerudi. Yale madoa nimeyatoa kwa msasa, nikapaka kifuniko cheupe upya, nikakata jalada la faili, nikafuata la tausi la kuziba kingo na la brashi kavu. Ndege wa kwanza katoka safi, niliishia kumwangalia tu. Wa pili mkia umesambaa kidogo, ni mimi, nilichovya bila kusugua maana nilishaanza kujiamini. O nimeziacha na mapengo yake. Sasa stensili yenyewe imeganda rangi mpaka mashimo ya macho yameanza kuziba, naioshaje?

Bi Mkasi
Ilaze bapa kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, iache ilowe vizuri. Akriliki kwenye plastiki inabanduka kama ngozi ya nyoka, usiikwangue na kisu utaikata madaraja. Siku nyingine ioshe kabla haijakauka.